Mtoto mdogo safarini: Jinsi ya kumchagulia kitanda cha kubeba

Na MWANDISHI WETU

KILA mwezi wa Desemba unapobisha hodi, familia nyingi za mijini hufunga virago na kushika njia kuelekea mashambani, pwani au kwa jamaa wanaoishi miji mingine. Nguo hupangwa mapema, nauli huwekwa kando na zawadi za akina nyanya hununuliwa. Swali moja, hata hivyo, husahaulika hadi usiku wa kwanza ugenini: huyu mtoto wa mwaka mmoja na nusu atalala wapi?

Nyumbani amezoea kitanda chake chenye kingo, au walau pembe yake ya chumba. Ugenini anakuta kitanda kimoja kinachongojewa na watu watatu, kochi la sebuleni, au godoro lililotandikwa katikati ya binamu watano. Mama hulala macho usiku kucha akihofia mwanawe ataanguka, na kulipopambazuka wote wawili huwa wamechoka kuliko walivyokuwa walipoteremka basini.

Ndiyo sababu wazazi wengi siku hizi huulizia vitanda vya kubeba, yaani vile vinavyokunjwa na kutiwa mfukoni kama mwavuli. Vimejaa madukani, sokoni kwa mitumba na kwenye mitandao ya kuuzia bidhaa. Vipo vya rangi za kupendeza, vyenye vichezeo vinavyoning'inia na hata vyenye magurudumu.

Kosa linalofanywa na wanunuzi wengi ni kukibonyeza kitanda kwa kidole na kuuliza kama ni laini. Kwa mtoto mdogo ulaini si sifa. Kitanda kinachofaa ni kile kilicho bapa, kigumu kiasi, kisichoweza kujikunja chenyewe na kisichoacha mwanya wowote ambamo kichwa au uso wa mtoto unaweza kunasa. Mengine yote hutegemea mambo mawili: umri wa mtoto, na mahali anakoenda kulala. Na kwa baadhi ya familia, kama tutakavyoona, jibu halimo dukani kabisa.

Umri na kimo

Tuanze na mtoto mwenyewe. Makala haya yanamhusu mtoto aliyetimiza mwaka mmoja lakini hajafika miaka mitatu. Aliye chini ya mwaka mmoja ana masharti yake makali zaidi: alazwe chali, juu ya godoro gumu na bapa, pasiwe na mto, blanketi zito wala mwanasesere kando yake. Mzazi wa mtoto huyo asijaribu njia za mkato zitakazotajwa hapa kwa ajili ya wakubwa wake.

Kitanda kinachojulikana zaidi ni kile cha kukunja chenye kuta nne za wavu. Watengenezaji wengi hukiwekea kikomo cha uzani wa kilo 13 hadi 15, na baadhi yao huongeza kikomo cha kimo cha sentimita 89 hivi. Sasa piga hesabu. Kwa mujibu wa viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani (WHO), mvulana wa wastani anapotimiza miaka miwili huwa na kilo 12 na kimo cha takriban sentimita 88. Msichana humfuata kwa karibu.

Maana yake ni kwamba mzazi anayemnunulia mtoto wa miaka miwili kitanda cha aina hiyo huenda akakitumia likizo moja tu, kisha kikageuka kuwa mzigo wa kuwekwa nyuma ya kabati. Aliye na mtoto wa miezi 12 ana muda wa kutosha wa kufaidi pesa zake.

Kuna dalili iliyo muhimu kuliko mizani na futi. Siku mtoto atakapoinua mguu na kuukalisha juu ya ukingo, basi kitanda hicho kimekwisha kazi yake, hata kama kilo zake hazijafika kikomo. Kuta za vitanda hivi huwa na urefu wa nusu mita na zaidi. Mtoto anayeanguka kutoka juu ya ukuta huo, kichwa kikitangulia, hadi kwenye sakafu ya saruji, anaumia vibaya kuliko yule anayebingirika kutoka kwenye godoro lililo chini.

Kitanda kinachojikunja

Hapa inafaa tukae kidogo, kwa kuwa uwezo huo wa kukunjika unaompendeza mnunuzi ndio uliowahi kuua.

Mnamo Mei 1998, mtoto wa umri wa miezi 16 kwa jina Danny Keysar alifariki jijini Chicago, Marekani, akiwa nyumbani kwa mlezi wake wa mchana. Kitanda cha kukunja alimokuwa amelazwa kiliporomoka, kingo zake mbili zikakutana mithili ya herufi V na kumbana shingo. Kitanda hicho cha Playskool Travel-Lite kilikuwa kimetangazwa kuwa hatari na kuamriwa kirejeshwe tangu 1993. Kwa muda wa miaka mitano tangazo hilo halikuwa limemfikia mlezi wala wazazi wa mtoto.

Wazazi hao, Linda Ginzel na Boaz Keysar, ambao ni wahadhiri wa chuo kikuu, waliunda shirika la Kids In Danger mwaka huo huo na kuanza kampeni iliyochukua miaka kumi. Mnamo 2008 bunge la Marekani lilipitisha sheria mpya ya usalama wa bidhaa, na sehemu yake inayohusu vifaa vya watoto ikapewa jina la Danny. Sheria hiyo inawalazimu watengenezaji kuvipima vitanda kwa kanuni za serikali na kutia kadi ya usajili ndani ya kila kifaa, ili mnunuzi aweze kutafutwa kasoro inapogunduliwa. Kanuni za vitanda vya kukunja zilianza kutumika 2013, na miongoni mwa mambo zinayoyazuia ni ule mkunjo wa V uliomuua Danny.

Mkenya anayenunua kitanda leo ana somo la kupata katika kisa hicho. Simama kando ya kitanda kilichokwisha kufunguliwa, weka kiganja katikati ya kila ukingo wa juu na uuegemee kwa nguvu, kama anavyofanya mtoto aliyesimama na kurukaruka. Ukingo haupaswi kulegea hata kidogo. Rudia katika pande zote nne. Kisha jaribu kuukunja pasi na kubonyeza kifungo chake. Ukikunjika, kiache kitanda hicho dukani.

Vitanda vingi vya sasa hufunguliwa kwa kuinua kingo za juu kwanza hadi zilie "ta!", halafu ndipo kitovu cha chini kinasukumwa kikae bapa. Anayeanza na kitovu cha chini hupata taabu kuzifunga kingo, na hapo ndipo watu huacha upande mmoja ukiwa haujashika. Muuzaji ambaye hawezi kukuonyesha jinsi ya kukifungua na kukifunga mbele ya macho yako hajui anachokuuzia.

Godoro jembamba si kasoro

Lawama inayosikika mara nyingi kuhusu vitanda hivi ni kwamba godoro lake ni jembamba kama ubao. Mama huligusa, akamhurumia mwanawe, akaenda kununua kipande cha sponji cha inchi nne na kukiweka juu yake. Kwa mtazamo wa mapenzi hilo ni tendo jema. Kwa mtazamo wa usalama ni miongoni mwa mambo mabaya zaidi anayoweza kufanya.

Ukuta wa wavu hauna ugumu wa mbao. Ukisukumwa unajipinda kuelekea nje. Godoro lililoongezwa, ambalo aghalabu halikukatwa kwa kipimo kamili, huacha mwanya kati yake na wavu. Mtoto anapobingirika usingizini huteleza akaingia humo, uso ukielekea kwenye wavu na mgongo ukibanwa na sponji, na akakosa hewa bila kutoa sauti. Isitoshe, godoro nene huinua mahali pa kulala na kuufanya ukuta kuwa mfupi, hivyo kumrahisishia mpanda ngazi wetu kazi yake.

Kwa hivyo tumia godoro lililokuja na kitanda, hilo hilo pekee, pamoja na shuka inayobana vyema kwenye pembe. Mtoto wa umri huu halalamiki kuhusu ugumu. Anayelalamika ni mtu mzima anayejiwazia yeye mwenyewe amelala pale. Mto pia hauhitajiki.

Aina nyinginezo

Kuna hema dogo linalojifungua lenyewe linapotolewa mfukoni. Sifa yake ni wepesi, kwani mengi hayafiki kilo tatu na msafiri anaweza kulipakata kwenye bodaboda. Lina kasoro mbili. Kwanza, hewa haipiti ndani yake kama kwenye kitanda cha wavu, na katika mji kama Mombasa au Malindi mtoto anaweza kuamka akiwa amelowa jasho chapachapa. Pili, baadhi huja na godoro la kujazwa hewa, na kati ya godoro hilo na kitambaa cha hema huwa na nafasi. Huko Marekani mahema ya namna hiyo yaliwahi kurejeshwa kutoka sokoni mnamo 2012 baada ya mtoto wa miezi mitano kufariki. Ikiwa ni lazima uchukue hema, chagua lenye mkeka bapa ulioshonewa chini na madirisha ya wavu pande zote, na umtilie mtoto aliyekwisha kutimiza mwaka.

Godoro la hewa peke yake halimfai mtoto mdogo. Linabonyea chini ya uzani, na likipoteza hewa usiku huwa kama mfuko unaomkumbatia. Mengi hubeba onyo la kutomlaza juu yake mtoto wa miezi 15 au chini ya hapo. Binafsi ningengoja hata zaidi.

Kwa mtoto wa miaka miwili kwenda juu, kitanda kifupi cha turubai chenye miguu ya chuma, kile kinachofanana na vitanda vya askari walio kambini, ni chaguo zuri. Kiko karibu na ardhi, hakina kuta za kupandwa, na kitamtumikia hadi siku atakapoingia shule. Kagua tu kama vyuma vinapokutana havina nafasi ya kubana vidole, na kama miguu ina vifuniko vya mpira visivyoteleza kwenye vigae.

Ya mitumba

Vitanda vingi vya kukunja vinavyoonekana katika masoko ya Gikomba na Toi jijini Nairobi, au vinavyotangazwa mitandaoni kuwa "ex-UK", vilianza maisha yao kwingine. Si vibaya kununua cha mitumba. Watoto huvitumia kwa muda mfupi na vingi vingali imara. Hata hivyo, ile kadi ya usajili iliyotajwa hapo juu ilibaki kwa mnunuzi wa kwanza, na tangazo lolote la hatari litamfikia yeye, si wewe.

Kwa sababu hiyo tafuta kibandiko chenye jina la mtengenezaji, nambari ya modeli na tarehe ya kutengenezwa. Mara nyingi hubandikwa chini ya godoro au kwenye mguu. Iandike nambari hiyo, uitafute kwenye intaneti pamoja na neno la Kiingereza linalotumiwa kwa bidhaa zinazorejeshwa, yaani "recall". Shughuli hiyo ni ya dakika tano kwa simu ya mkononi. Kitanda kisicho na kibandiko chochote, au kilichotengenezwa kabla ya 2013, ningekipita hata kama bei yake inavutia.

Angalia pia wavu. Uliochanika na kushonwa kwa uzi wa viatu haufai, kwani kidole au kifungo cha nguo kitanasa hapo. Matundu yake yawe madogo, yasizidi milimita sita. Hakikisha godoro la asili lingalipo. Kitanda kinachouzwa bila godoro lake kitakurudisha kwenye yale ya sponji. Tikisa fremu nzima usikilize. Sauti ya chuma kinachogongana ndani ya bomba ni ishara kwamba ribiti imekatika.

Iwapo ni kitanda cha mbao kilichoundwa na fundi seremala mtaani, chenye bawaba za kukikunja, kanuni ni ile ile, pamoja na moja zaidi: nafasi kati ya fito zake isizidi sentimita sita. Kopo la soda halipaswi kupenya kati ya fito mbili.

Unakwenda wapi?

Kitanda kinachofaa Naivasha huenda kisifae Homa Bay. Tofauti kubwa zaidi inaletwa na mbu.

Anayesafiri kutoka Nairobi kwenda kaunti zinazopakana na Ziwa Victoria, au kwenda Kwale na Kilifi, anampeleka mtoto wake mahali penye malaria nyingi kuliko alikozaliwa. Chanjo ya malaria, iliyoanza kutolewa nchini mnamo Septemba 2019, ilielekezwa katika kaunti za eneo la ziwa, kwa hivyo mtoto wa jijini aghalabu hajaipata. Hana kinga wala mazoea. Kwake yeye chandarua chenye dawa ndicho kitanda, na vyuma na turubai ni nyongeza tu.

Usidanganywe na kuta za wavu. Wavu huo uliwekwa ili mtoto apumue na aonekane, wala si wa kuzuia mbu, ambaye hupenya bila shida. Na hata pale matundu yanapokuwa madogo mno, mtoto anayeegemeza mkono kwenye wavu anaumwa kutoka nje.

Wazazi wengi hununua chandarua kidogo cha mwavuli kinachofunikwa juu ya mtoto kama kawa juu ya sahani. Hicho ni cha mtoto mchanga asiyejigeuza. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu atakipiga teke kabla ya saa nne ya usiku. Vingi vya aina hiyo, zaidi ya hayo, havina dawa.

Lifaalo ni kuchukua chandarua cha familia chenye dawa, kukining'iniza imara kutoka darini au kwenye misumari ya ukutani, na kukishusha juu ya kitanda kizima hadi chini, kisha pindo zake zikachomekwa chini ya miguu ya kitanda au chini ya mkeka. Kisiguse kuta za wavu. Kisilegee kiasi cha mtoto kukivuta ndani na kujizongazonga nacho. Kamba ya kukiningʼiniza iwe mbali na mikono yake. Chandarua kipya kiangikwe kivulini kwa siku nzima kabla ya kutumiwa. Kwa sababu hii pima kitanda kabla ya kununua: kitanda kirefu na kipana mno huenda kisiingie chini ya chandarua mlicho nacho.

Katika nyanda za juu, kama vile Molo, Timboroa, Nyandarua na Limuru, adui ni baridi. Hapo kitanda cha turubai kina udhaifu ambao wauzaji hawautaji: hewa baridi hupita chini yake usiku kucha na kumfikia mtoto mgongoni. Tandika blanketi lililokunjwa chini ya shuka, likiwa limebanwa vizuri, badala ya kumrundikia mablanketi juu. Mvalishe nguo mbili au tatu nyepesi na soksi. Na liwe liwalo, jiko la makaa lisiingizwe katika chumba anacholala mtu. Hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa haina harufu, na haiamshi mtu.

Pwani mambo hugeuka. Mtoto avishwe nguo moja nyepesi, kitanda kiwekwe panapopita upepo, na mama ajizuie kukifunika kwa leso ili kupunguza mwanga. Leso juu ya kitanda cha wavu hufungia joto ndani.

Godoro la chini

Sasa tufike kwenye lile jibu lisilomo dukani. Kwa familia inayosafiri kwa basi, kisha matatu, kisha bodaboda kutoka steji hadi langoni kwa babu, kitanda cha kilo tisa au kumi ni adhabu. Kondakta atadai nauli yake, na kikifungwa kwenye keria mvua itakinyea.

Mtoto aliyepita mwaka mmoja na nusu anaweza kulala salama kwenye godoro la sponji gumu, jembamba kiasi, lililotandikwa juu ya mkeka sakafuni. Anayebingirika kutoka hapo hana pa kuanguka. Chandarua hushushwa juu yake na kuchomekwa pande zote kwa urahisi kuliko juu ya kitanda chochote cha kukunja. Gharama yake ni kipande cha godoro na shuka mbili, na mara nyingi godoro lenyewe liko tayari nyumbani kwa wenyeji.

Masharti yapo. Sakafu iwe imefagiwa na kukauka. Ikiwa ni ya udongo, inyunyizwe maji kidogo na kufagiwa mchana, mkeka ukunjwe ukianikwe juani kila asubuhi, na miguu ya mtoto ichunguzwe kama ana funza. Kunguni hujificha katika mishono ya godoro, basi ligeuze na uzichunguze pembe zake kwa tochi kabla ya kulitandika. Godoro likae mbali na ukuta kwa hatua nzima, au liubane ukuta kabisa. Mwanya wa shubiri moja kati ya godoro na ukuta ni mtego. Taa ya koroboi na mshumaa visikae karibu na chandarua, na nyaya za kuchaji simu ziondolewe.

Chumba nacho kinageuka kuwa kitanda. Mtoto aliye chini anaweza kuamka usiku na kutembea, kwa hivyo mlango ufungwe, ndoo za maji ziondolewe, na mafuta ya taa pamoja na dawa za babu ziwekwe juu ya kabati.

Kuna na suala la adabu, ambalo vitabu vya ulezi vya kigeni haviligusi. Mke anayefika kwa wakwe akibeba kitanda cha mtoto anaweza kufasiriwa kwamba anaidharau nyumba, au kwamba hataki mtoto alale na nyanyake. Maneno machache yanayotangulia husaidia. Piga simu kabla ya safari: "Mama, mjukuu wako siku hizi hugaagaa usiku kucha, atakunyima usingizi. Tunakuja na kitanda chake, tutakitandika chumbani mwako ukitaka." Nyanya wengi hupokea hilo kwa moyo mweupe, kwani heshima yao imehifadhiwa na mjukuu yuko karibu.

Nyanya akishikilia kulala na mjukuu wake kitanda kimoja, jambo hilo si janga kwa mtoto wa miaka miwili, mradi kitanda kiwe kipana, nyanya asiwe ametumia dawa za usingizi, na mtoto asilazwe upande wa mwanya wa ukuta. Kwa mtoto asiyefika mwaka jibu linabaki kuwa la, kwa upole.

Hotelini na safarini

Hoteli nyingi za kitalii hutoa kitanda cha mtoto ukiomba unapohifadhi chumba. Kiombe kwa maandishi. Ukifika, kifanyie jaribio lile lile la kiganja, maana kimekunjwa na kukunjuliwa na wafanyakazi wengi na huenda godoro lake lilikwisha kubadilishwa kwa sponji. Kikikutia shaka, omba mablanketi mawili mazito, yakunje yawe bapa chini ya shuka iliyobanwa, na umlaze chini.

Ndani ya gari au gari-moshi kitanda cha kubeba hakitumiki hata kidogo, hata safari ikiwa ya usiku. Hakifungwi kwa mkanda, na breki moja ya ghafla inatosha kukirusha.

Wiki moja kabla ya kuondoka, kikunjue kitanda nyumbani na umlaze mtoto humo siku tatu mfululizo, kwanza usingizi wa mchana, kisha wa usiku. WHO inapendekeza mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili apate saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku, ukiwemo wa mchana, na mtoto anayekutana na kitanda kigeni katika nyumba ngeni hupoteza nyingi kati ya hizo. Siku ya kufunga mizigo, shuka aliyoilalia usifue. Ichukue ilivyo, ikiwa na harufu ya nyumbani, na uitie juu kabisa ya mkoba, kwa sababu mtakapofika giza litakuwa limeingia na hicho ndicho kitu cha kwanza utakachokitafuta.